Safu Tupu Katikati ya Ukurasa
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi shule za Israeli zilivyogawanyika: watoto wa Kiyahudi kwao, wa Kiarabu kwao, ingawa kati ya kila raia watano wa nchi hiyo mmoja ni Mwarabu. Mtoto anaweza kumaliza sekondari asiwahi kukaa dawati moja na mwenzake wa upande wa pili. Leo tufungue kitabu kimoja cha historia.

Kitabu chenyewe kilianza kuandikwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Intifada ya Pili, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya Israeli, ikiwa imepamba moto, na walimu wa historia wa Kiisraeli na wa Kipalestina. Waliowakusanya ni wasomi wawili, Sami Adwan wa Chuo Kikuu cha Bethlehem na Dan Bar-On wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion. Bar-On alikuwa mwanasaikolojia aliyewahi kwenda Ujerumani kuzungumza na watoto wa Wanazi, kwa hiyo kusikiliza mambo yanayochoma hakukuwa kugeni kwake.

Hawakuandika historia moja ya kuwaridhisha wote. Ukurasa waliugawa safu tatu: ya Waisraeli upande huu, ya Wapalestina upande ule, na ya kati wakaiacha tupu ili mwanafunzi aandike yake. Tazama mwaka 1948. Huku unaitwa Vita vya Uhuru: watu walionusurika maangamizi ya Ulaya wamepata dola yao, majirani wakaivamia, nayo ikasimama. Kule mwaka huohuo ni Nakba, yaani Janga: Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia, na walioondoka na funguo za nyumba zao hawakuruhusiwa kurudi kuzifungua. Mtoto hupita safu yake haraka, maana nyumbani ameisikia mara mia. Kwenye safu ya upande wa pili ndipo kidole kinaposita.

Kwa maoni yangu, kidole hicho kinachosita ndiyo elimu yenyewe. Wako wanaoamini kwamba kumfundisha mtoto uvumilivu ni kumwimbisha kuwa binadamu wote ni sawa, kisha akapewa rangi achore njiwa. Mtoto asiyejua yaliyompata bibi wa mwenzake hana cha kuvumilia. Atakuwa mpole tu mpaka siku atakapochokozwa.

Kuna waliojaribu kuwaweka watoto darasa moja kabisa. Mwaka 1997 Amin Khalaf, Mwarabu, na Lee Gordon, Myahudi, walianzisha taasisi ya shule za lugha mbili zijulikanazo kama Mkono kwa Mkono. Huko walimu wawili hufundisha pamoja, mmoja kwa Kiarabu, mwenziwe kwa Kiebrania. Huyu akihesabu sitta, sab'a, tis'a, yule anasema shisha, shiv'a, tish'a. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwa kuwa sita, saba na tisa zetu zimetoka kwenye Kiarabu hichohicho.

Hesabu ni rahisi. Kalenda ndiyo ngumu. Kati ya Aprili na Mei mmoja anasherehekea Uhuru na mwingine analia Nakba, tena ndani ya uwanja mmoja wa shule. Tangu mwaka 2011 sheria ya Israeli inamruhusu Waziri wa Fedha kupunguza ruzuku ya taasisi inayoifanya Siku ya Uhuru kuwa siku ya maombolezo. Mwalimu mkuu anapopanga shughuli za siku hizo, anapanga huku akiikumbuka sheria hiyo. Na Novemba 2014 darasa la kwanza la shule ya Mkono kwa Mkono ya Jerusalem lilichomwa moto usiku, ukutani yakaachwa maandishi ya chuki. Wanafunzi walirudi masomoni. Hata hivyo, wanafunzi wa shule hizi zote ni kama 2,000 tu, tone katika nchi yenye wanafunzi zaidi ya milioni mbili.

Na kile kitabu cha safu tatu? Wizara ya Elimu ya Israeli haikukiidhinisha, na ya Palestina vilevile. Hapo, angalau, zilikubaliana.

Wiki ijayo tutakwenda Gaza, ambako baada ya vita kuzuka Oktoba 2023 watoto zaidi ya 600,000 walikosa shule, za safu moja na za safu tatu.