Mtaji Unavyoliwa

Migosi, Kisumu, ni mtaa wa nyumba zilizotobolewa ukuta wa mbele. Chumba ambacho kingekuwa sebule kimewekwa mlango wa chuma na kibao kilichoandikwa kwa mkono: kinyozi, saluni, M-Pesa, chipsi, gesi ya kupikia. Nyuma ya ukuta huohuo familia inaishi, na nyuma ya familia kuna wapangaji. Mtaa wenyewe ulianza hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Kenya ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya makazi ya mijini. Dandora ya Nairobi ilikuwa imetangulia. Kisumu ilipofikiwa, Migosi ilipimwa viwanja, vikatengenezewa huduma za msingi, kisha waliopewa wakaachiwa wajijengee wenyewe kadiri ya mfuko wao. Kupangisha vyumba lilikuwa jambo la kutarajiwa. Biashara ya kwanza ya Migosi, basi, ilikuwa nyumba yenyewe. Duka la dirishani lilifuata.

Leo ndani ya vyumba hivyo hupanga walimu, wauguzi wa hospitali kuu ya rufaa ambayo wakazi wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, makarani wa kaunti, mafundi wa mjengo, vijana wa bodaboda. Ukiwauliza wanachotaka baada ya miaka mitano, wengi watataja kitu chao wenyewe: duka la vipuri, jiko la kuuzia samaki, cherehani mbili. Ukiwauliza kinachowazuia, wanataja neno moja. Mtaji.

Jibu hilo si la uongo, lakini limebeba nusu tu ya habari. Mwaka 2016 Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilitoa matokeo ya uchunguzi wake wa biashara ndogo na za kati nchini Kenya. Lilikadiria biashara milioni 7.4, ambazo kati yake milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Katika kipindi cha miaka mitano, biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa, na asilimia 46 ya hizo hazikumaliza hata mwaka. Wenye biashara hizo milioni mbili na ushei si watu waliokosa mtaji wa kuanzia. Waliupata, wakafungua, wakatundika kibao. Sababu iliyotajwa zaidi ya kufunga ni kuishiwa pesa za kuendesha biashara.

Wafanyabiashara wa mtaani wana namna yao ya kulisema jambo hili: amekula mtaji. Wala hawamaanishi anasa. Mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, kwa kopo la gorogoro anaamka na shilingi 3,000 za kununulia mzigo. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, 800 zinaondoka. Shemeji amelazwa, 500. Mchango wa mazishi, na kwa desturi za ukanda wa ziwa huo haukwepeki, 300. Anafika sokoni na 1,400, ananunua nusu ya mzigo wake wa kawaida, na faida ya nusu mzigo hailishi nyumba nzima. Baada ya majuma machache ya namna hiyo meza inabaki tupu, na majirani wanasema biashara ilikuwa mbaya. Biashara haikuwa na neno. Ilikuwa inalipa karo.

Kuna utafiti uliofanyika si mbali na Kisumu ambao kila mwenye ndoto ya biashara angefaa kuujua. Kuanzia mwaka 2006, wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti za akiba bila malipo wachuuzi wa sokoni na waendesha bodaboda wa baiskeli huko Bumala, mji mdogo katika kaunti ya Busia. Akaunti zenyewe hazikuwa na mvuto wowote: hakuna riba, na kila kutoa pesa kunakatwa ada, kwa hiyo aliyeweka alikuwa anapoteza kidogokidogo. Hata hivyo wanawake wa sokoni walizitumia, na fedha walizoingiza katika biashara zao zikaongezeka kwa kati ya asilimia 38 na 56. Kwa wanaume wa bodaboda haikuonekana tofauti ya maana.

Wataalamu wanaweza kubishana juu ya maelezo ya matokeo hayo, lakini yeyote aliyewahi kuficha noti chini ya godoro anaelewa. Pesa iliyo ndani ya nyumba ina wenyewe wengi. Anayeombwa akiwa nayo kiunoni hawezi kukataa bila kuonekana mchoyo. Anayeweza kusema iko benki amepata udhuru wa heshima. Benki ya Bumala ilikuwa inauza udhuru, na wanawake walikubali kuulipia.

Uvujaji mwingine ni mdogo zaidi, mdogo kiasi kwamba mwenye duka hauoni. Lori Beaman, Jeremy Magruder na huyohuyo Robinson waliwafuatilia wafanyabiashara wadogo wa magharibi mwa Kenya na kuhesabu mara ambazo mauzo yalipotea, au mwenye duka alilazimika kukimbia huku na huko, kwa sababu ya kukosa chenji. Walikadiria hasara hiyo kuwa asilimia 5 hadi 8 ya faida. Mteja ana noti ya 500, anataka sabuni ya 20, mwenye duka hana sarafu, mteja anavuka barabara. Malipo ya simu yamepunguza tatizo hilo tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ingawa wapo wateja wengi ambao kwa sabuni ya shilingi ishirini bado wanatoa noti.

Na shilingi ishirini si mauzo ya kudharauliwa. Mtaa kama Migosi unaishi kwa kupima: mafuta ya kupima, unga wa kupima, sukari iliyofungwa kwenye karatasi ya robo. Anayefungua duka akiwa na picha ya supamaketi kichwani, rafu zimejaa pakiti za kilo mbili, hugundua kwamba wateja wake wanapokea kipato cha siku na wananunua chakula cha siku. Kazi halisi ya muuza duka wa mtaani ni kununua kwa jumla na kuvunjavunja. Asiyetaka kuchafua mikono kwa mafuta ya kupima afadhali atafute kazi nyingine.

Tatizo linaloonekana wazi zaidi kwa mpita njia ni kufanana. Kinyozi akipata wateja, mwaka hauishi kabla ya vinyozi wengine watatu kufungua barabara ileile. Mantiki yake inaeleweka: aliyeweka akiba kwa shida hataki kubahatisha, anachagua kitu alichokiona kikifanya kazi kwa macho yake. Lakini wateja ni walewale, na vichwa havioti nywele haraka zaidi kwa sababu vinyozi wameongezeka.

Kisumu hata hivyo ina mfano wa kinyume, na hauko mbali. Ukitoka Migosi na kuvuka barabara ya Kakamega unafika Obunga, mtaa duni ulio jirani na eneo la viwanda. Hapo ndipo ilipostawi biashara ya mgongo wazi.

Mbuta, yule samaki mkubwa aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, aliongezeka mno kufikia miaka ya 1980, na viwanda vikajengwa ufuoni kumchuna minofu ya kuuza Ulaya na kwingineko. Minofu ikipakiwa kwenye barafu, kiwanda kinabaki na kichwa, uti wa mgongo, mkia na vipande vya nyama vilivyokwama kwenye mifupa. Kwa mwenye kiwanda hayo ni mabaki. Wanawake wa Obunga waliona chakula. Wakaanza kuyanunua, kuyasafisha, kuyaanika juani kwenye vichanja, kisha kuyakaanga katika mafuta mengi kwenye masufuria makubwa juu ya moto wa kuni. Samaki aliyetoka hapo, mgongo ukiwa wazi mbavu zote zinaonekana, alipata wateja ambao bei ya samaki mzima ilikuwa imewashinda. Mizigo ilisafiri hadi soko la Gikomba, Nairobi, na masoko ya magharibi.

Hawakuwa na mpango wa biashara ulioandikwa. Walichokuwa nacho ni bidhaa ambayo hakuna aliyekuwa akiigombania na ujuzi ambao tayari walikuwa nao jikoni. Inafaa kusema pia upande usiopendeza. Moshi na mafuta ya moto viliwachosha miili. Mifupa iligeuka kuwa kitu cha kugombaniwa, madalali wakaingia kati, na viwanda vya chakula cha mifugo navyo vikaitaka. Tena biashara nzima ilining'inia kwenye mlango wa mtu mwingine. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, viwanda vilipunguza kazi na mifupa ikaadimika. Mbuta walipopungua ziwani katika miaka iliyofuata, baadhi ya viwanda vya Kisumu vilifungwa kabisa. Mkaangaji wa Obunga, ambaye hajawahi kuuza kilo moja nje ya nchi, aliumizwa na uamuzi uliofanywa Brussels.

Turudi kwenye mtaji, kwa kuwa hauna budi kutoka mahali. Kwa Wakenya wengi unatoka kwenye akiba na kwa jamaa, na kando ya ziwa unatoka pia kwenye nyoluoro, jina la Kijaluo la vyama vya kuchangiana kwa zamu. Kumi wanatoa 1,000 kila juma, na kila juma mmoja anaondoka na 10,000. Mwanauchumi asiyejua maisha ya hapa angeuliza kwa nini mtu asijiwekee mwenyewe. Jibu ni lile la Bumala: iliyokwishatolewa kwenye chama haiwezi kuombwa na shemeji.

Nguvu ya pesa iliyokusanyika pamoja imepimwa katika kaunti jirani ya Siaya. Shirika la GiveDirectly, kuanzia mwaka 2018, liliwapa wanavijiji wa Siaya na Bomet pesa bila masharti. Vijiji vingine vilipewa kiasi cha shilingi 2,250 kwa kila mtu mzima kila mwezi kwa miaka miwili, vingine vikaahidiwa kiwango hichohicho kwa miaka 12, na vingine vikapewa kiasi cha dola 500 za Marekani kwa mkupuo mmoja. Waliopewa kwa mkupuo walianzisha biashara nyingi zaidi kuliko waliogawiwa za kila mwezi kwa miaka miwili. Waliokuwa na uhakika wa miaka 12 nao walifanya vizuri, na mojawapo ya njia walizotumia ni kuingiza pesa zao za mwezi kwenye vyama vya zamu ili zirudi zikiwa fungu. Walijitengenezea mkupuo wao.

Ukiyaweka hayo karibu na mikopo ya simu, kasoro inaonekana. M-Shwari, iliyoanza 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa shilingi 10,000 hiyo ni 750 kwa mwezi, na si kila meza ya nyanya inayoweza kuibeba. Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022 ilikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni nafuu kubwa: shilingi 1,000 kwa siku 14 zinazaa riba ya shilingi tatu hivi. Lakini unafungua nini kwa shilingi elfu moja ya kurudishwa baada ya majuma mawili? Inaweza kumsaidia aliye tayari sokoni kujaza pengo la mzigo. Haifungui duka.

Wazo la kukusanya ni la zamani huku. Jaramogi Oginga Odinga, kabla ya kuwa makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, alikuwa mwalimu Maseno aliyeacha kazi kwa ajili ya biashara. Mwaka 1947 chama chake kilisajiliwa kuwa kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation, na akazunguka Afrika Mashariki kuuza hisa kwa Wajaluo waliokuwa wakifanya kazi mbali na kwao. Kila mmoja alitoa kidogo.

Kuna jambo la mwisho, nalo linatoka Dandora, ndugu mkubwa wa Migosi katika ule mradi wa viwanja. Wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwachukua wanawake wenye biashara changa huko na kuwagawa. Wengine walipelekwa darasani kufundishwa hesabu, masoko na mipango. Wengine walikutanishwa na mwanamke wa mtaa huohuo aliyefanikiwa katika biashara ya aina yao, wakawa wanakutana na kuzungumza. Darasa halikuongeza faida. Mazungumzo yaliiongeza kwa takriban asilimia 20, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kununua bidhaa kwa bei ya chini, kwa kuwa mwenyeji aliwaelekeza kwa wauzaji wa jumla. Walipoacha kukutana, faida ilipungua tena, maana wauzaji na bei hubadilika na habari ya mwezi uliopita huchacha.

Migosi wapo wengi wenye habari ya aina hiyo. Muuza matunda aliyedumu kwenye kona yake anajua lori la ndizi kutoka Kisii linashusha soko la Kibuye saa ngapi, dereva yupi hupunguza bei mzigo ukianza kuiva, na siku ipi ya juma si ya kununua kabisa. Anayetaka kuanza angefaidika zaidi kuliko kwa mkopo wowote akikaa naye saa moja. Ugumu ni kwamba anayekuja kuuliza huwa anapanga kuweka meza ya ndizi hatua ishirini kutoka hapo, na muuza matunda anajua hilo pia.