Mgonjwa wa Mlola Ahesabiwe Mlola

Mgonjwa wa saratani anayetoka Mlola kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road huteremka milima hadi Mombo, akapanda basi la Dar es Salaam, akafikia kwa mwanawe, tuseme Temeke. Akiulizwa anakaa wapi, huenda kijana aliyemsindikiza akataja Temeke. Kijana hakusudii uongo, lakini hapo hapo ugonjwa wa Mlola umehamia mjini.

Daftari la saratani huandika umri wa mgonjwa, jinsia, kiungo kinachougua, siku ugonjwa ulipotambuliwa, na makazi yake ya kawaida. Watafiti huilinganisha idadi ya wagonjwa na idadi ya wakazi wa kila mahali, ndipo waone ugonjwa umezidi wapi. Makazi yakikosewa, hesabu huenda mrama.

Majirani zetu Waganda wana daftari la namna hiyo mjini Kampala tangu 1954. Miaka hiyo hiyo daktari Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago, aliwaona watoto waliovimba taya kwa saratani, akataka kujua wanatoka wapi. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 kwa muda wa wiki 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali hadi kusini mwa Afrika. Ikabainika kuwa ugonjwa ule ulikuwa wa nchi za joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Ramani hiyo ndiyo iliyowaelekeza wataalamu kuichunguza malaria. Sisi watu wa milimani tuna haki ya kujiuliza: ramani ile ingesomekaje kama kila mtoto angeandikiwa mji aliotibiwa?

Leo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na tangu 2018 wasichana wanachanjwa dhidi ya kirusi kinachoisababisha. Kama chanjo imewafaa mabinti wa Lushoto, daftari ndilo litakalotujulisha.

Wapo wanaohofia sitara, na hofu yao si ya kubezwa. Jina huandikwa ili aliyepita Lushoto, Bombo na Ocean Road asihesabiwe mara tatu. Ni amana, ripoti za watafiti hutoa idadi tu.

Basi kabla ya safari, msindikizaji apewe karatasi: jina la kijiji, Kata ya Mlola, Wilaya ya Lushoto. Simu ya mwenyeji wa mjini iandikwe mstari wake peke yake.