Bati linapotoa jasho: maji ndani ya depo yanatoka wapi?



Kila mwaka, mavuno ya msimu A yanapoanza kuingia depo, kuanzia Januari, tunasikia malalamiko yaleyale toka milima ya Kivu: mifuko ya juu imelowa, mahindi yameota kuvu, na bati lenyewe halina tundu hata moja. Mara hii tunaongea juu ya hayo maji, kwa sababu yanaleta hasara mara mbili. Yanaharibu mahindi, halafu yanaharibu watu: wamemba wanaanza kumwangalia msimamizi wa depo kwa jicho la kumtafutia wizi.

Tunaongea zaidi juu ya depo ndogo za chuma. Kooperativa nyingi hazina hangari ya matofali. Zimepata kontena ya futi 20, ama remorki kuukuu ya kamiyo iliyotolewa magurudumu na kuezekwa bati, na ndimo mifuko inamolala. Chuma kina uzuri wake. Panya hapenyi, mwizi anahangaika, na siku mkibadilisha kiwanja mnaweza kuihamisha depo yenu. Lakini chuma hakitunzi joto. Mchana kinawaka hata mkono hauwekeki, usiku kinapoa kama jiwe la mtoni. Kule Lubero, Masisi ama juu Kalehe, ambako usiku watu wanatafuta blanketi, tofauti hiyo ya mchana na usiku ndiyo inazaa maji.

Ni mvua ama si mvua?

Kabla ya kununua bati mpya, hakikisheni kwanza. Mmoja aingie ndani saa sita mchana jua likiwa kali, mwenzake afunge mlango toka nje. Macho yakizoea giza, kila tundu litaonekana kama nyota. Zibeni mliyoyaona. Halafu chagueni usiku ambao mvua haikunyesha kabisa. Saa kumi na moja asubuhi ingieni na tochi, mpitishe kiganja chini ya bati. Kiganja kikitoka kimelowa, hiyo si mvua. Bati limetoa jasho.

Tumekuta watu wanabishana hapo hapo mlangoni. "Bati inavuja, mulinunua mbaya!" Na mwingine: "Papa, juma nzima mvua haikunyesha." Wote wawili wanaona maji yaleyale, lakini ni huyu wa pili ndiye ameuliza swali la maana.

Jasho hilo mnalijua jikoni. Mfuniko wa sufuria ukiinuliwa unadondosha maji, na hakuna aliyeyamwaga pale juu. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi, hewa ya baridi inabeba kidogo. Metre kibu moja ya hewa yenye digri 30 inaweza kubeba karibu gramu 30 za maji. Ikipoa hadi digri 15 inabeba gramu 13 tu, zile zingine lazima ziziache mahali. Zinaachwa kwenye kitu cha baridi kuliko vyote, na ndani ya depo ya chuma kitu hicho ni paa. Usiku wa anga safi, bati linatupa joto lake juu angani sawa vile majani yanavyofanya, na linakuwa baridi hata kuliko hewa inayolizunguka. Umande unaokutwa kwenye majani asubuhi ndio uleule unaokutwa chini ya bati. Tofauti ni kwamba wa chini ya bati unadondokea mahindi yenu.

Bidoni kumi na nne

Sasa tuje kwa neno ambalo wengi hawalipendi. Tupige hesabu. Kontena ya futi 20 ina nafasi ya karibu metre kibu 33 ndani. Tuseme hewa ya jioni ina digri 28 na imejaa mvuke kwa asilimia 80. Usiku ikipoa hadi digri 14, hewa yote hiyo itaacha karibu theluthi moja ya lita. Ni kikombe kimoja kikubwa cha chai. Kikombe kimoja hakiwezi kuozesha mifuko kumi.

Maji mengine yanatoka wapi? Yameingia mlangoni, ndani ya mifuko, na mliyapima kwenye mizani.

Mahindi ya kuweka depo yanatakiwa kuwa na maji asilimia 13 hivi. Mahindi ya Januari, yaliyoanikwa siku mbili katikati ya manyunyu, yanaweza kabisa kufika na asilimia 18. Mfuko wa kilo 100 wenye asilimia 18 una kilo 18 za maji na kilo 82 za chakula. Ukikaushwa hadi 13, unabaki kilo 94 na kidogo. Karibu kilo 6 ni maji matupu. Kwa mifuko 50, hayo ni zaidi ya lita 280. Bidoni 14 za lita 20, mmezipanga ndani ya depo na mmefunga kufuli.

Kila mchana paa linapasha mifuko ya juu, mahindi yanatoa mvuke, hewa inashiba. Kila usiku paa linapoa na kurudisha maji chini kwa matone. Kesho inaanza upya. Ndiyo maana mifuko ya juu ndiyo inaoza kwanza, pamoja na ile inayogusa ukuta. Na mifuko ya juu ni ya nani? Ni ya waliochelewa kuleta, mara nyingi wajane na wenye mashamba ya mbali. Wanapoteza mali yao kwa maji ya mifuko iliyo chini, ya watu wengine. Sisi tunaona hilo ni jambo la haki, si la ufundi peke yake.

Ile kilo sita

Kuna upande mwingine wa hesabu hiyo, na ndio unaovunja kooperativa. Mama analeta kilo 100, anaandikiwa kilo 100. Miezi mitatu baadaye mnunuzi anapima kilo 95. Mama anauliza, na ana haki: "Nilileta kilo mia moja. Zingine zilienda wapi?" Msimamizi hana jibu, kwa sababu hata yeye haelewi. Jibu ni kwamba sehemu ya kilo zile ilipaa mchana, ikagonga bati, ikaanguka juu ya mifuko ya jirani. Lakini bila karatasi inayoonyesha mahindi yalikuwa na maji kiasi gani siku yalipoingia, nani atamwamini?

Kwa hiyo kipimo kifanyike mlangoni, mbele ya mwenye mfuko. Kama hamna mashine, kuna chupa na chumvi. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye mfuniko. Kaangeni chumvi kwenye sufuria mpaka ikauke, muitunze ndani ya kopo lililofungwa. Tieni chumvi vijiko viwili vitatu ndani ya chupa, muongeze mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, mfunge, mtikise kwa nguvu dakika chache, halafu muache ikae dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yamepita asilimia 15, hayaingii. Isiposhika, yako chini ya 15. Angalieni vizuri: chini ya 15 haimaanishi 13. Yanayopita mtihani wa chumvi bado yanataka jua lingine la siku moja ama mbili kabla ya kulala depo miezi mingi.

Penye pesa kidogo, kijimashine cha kupima unyevu wa hewa kinasaidia zaidi. Kinafungwa pamoja na mahindi ndani ya sashe ya plastiki, kivulini, kwa nusu saa hivi. Kikisoma asilimia 65 ama chini, mahindi ni makavu.

Na sheria iwe moja kwa wote. Tumeona chumvi ikishika kwenye mahindi ya prezida na mfuko ukapita. Siku ile kipimo kilikufa, hakuna mmemba aliyekubali kukataliwa tena.

Kupunguza jasho lenyewe

Hata mahindi makavu yanatoa mvuke kidogo, na depo ya chuma inahitaji msaada. Dawa tunayoipenda kuliko zote ni paa juu ya paa: miti na nyasi, ama majani ya migomba, juu ya kontena, pakiachwa nafasi ya hewa katikati. Mchana inazuia jua, usiku inazuia bati lisiliangalie anga. Rangi nyeupe inasaidia mchana tu. Ndani, mikeka ya mafunjo ikifungwa chini ya bati, isiligandamane, inameza matone na kukauka mchana. Wanaosafirisha kahawa ya Kivu kupitia Mombasa wanaijua shida hii ya kontena kunyesha ndani, ndiyo maana kuta zinafunikwa karatasi nene kabla ya mifuko kuingia.

Matundu ya hewa ni lazima: moja chini upande mmoja, lingine juu kabisa upande wa pili, yote na wavu wa panya na kijipaa cha kuzuia mvua. Hewa ya joto inatoka juu, nyingine inaingia chini. Yale ya juu msiyafunge usiku. Mlango ni kitu kingine. Ufunguliwe jua likiwa limekausha majani, kama saa nne mpaka saa tisa. Asubuhi ya ukungu, ama mvua ikiwa imetoka kunyesha, usifunguliwe kwa kusema tunaingiza hewa. Mnaingiza maji.

Mifuko ilale juu ya mbao, sentimetre 10 hadi 15 toka chini, isiguse ukuta, na chini ya paa ibaki karibu metre moja. Kwenye kontena nyembamba nafasi ya ukutani inauma, tunajua. Acheni basi hata upana wa mtu kupita kwa ubavu. Anayepita ndiye anayeona mfuko uliolowa mapema.

Bashi ya plastiki juu ya mifuko, hapana. Inazuia matone ya juu, lakini mvuke wa mahindi unakwama chini yake na mifuko inapikwa. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, ni kitu kizuri dhidi ya wadudu, lakini kwa mahindi makavu tu. Mahindi mabichi yakifungwa humo yanachacha. Na dawa za kunyonya maji zinazotundikwa ndani ya kontena za meli haziwezi kushindana na bidoni 14. Pesa hiyo nunueni bashi za kuanikia.

Neno moja juu ya zamu. Mlinzi anayelala ndani ya depo anatoa maji kwa pumzi na jasho, robo lita mpaka nusu lita kwa usiku mmoja. Akileta na sufuria ya chai, inaongezeka. Akileta mbabula ya makala na kufunga mlango kwa ajili ya baridi, hapo hatuongei tena juu ya mahindi. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba cha chuma kilichofungwa kinaua mtu akiwa amelala. Zamu ajengewe kibanda chake nje. Miti na bashi kuukuu vinatosha.

Yaliyokwisha kuota kuvu

Tunaulizwa kila mara kama yanaweza kuoshwa, kusagwa, ama kupewa kuku. Hapana. Kuvu inayoota kwenye mahindi yenye unyevu inaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Inaharibu ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, watu waliyolima wenyewe. Kuku na bata wanaathirika pia, na ng'ombe anaipitisha kwenye maziwa. Mfuko wa namna hiyo utolewe, uzikwe, uandikwe kwenye daftari kwamba umezikwa, na wawili watie sahihi.

Kwa kahawa kipimo ni kikali zaidi, asilimia 10 mpaka 12, na mnunuzi anasikia ladha ya kuvu hata kama jicho halioni.

Kabla ya Januari, basi, mambo machache yaingie kwenye mkutano mkuu. Kribu za kukaushia magunzi zijengwe nyembamba, sentimetre 60 hivi kwa upana, kwa sababu huku kwetu hewa ni nzito. Daftari la depo liongezewe mstari mmoja karibu na kilo: chumvi imeshika, ama haikushika. Hasara ya mifuko ya juu ikitokea, mkubaliane mapema kwamba inagawanywa kwa wote, si kwa waliochelewa. Na anayekataliwa mlangoni asirudishwe nyumbani na mfuko mgongoni. Apewe bashi ya kooperativa, aanike palepale mbele ya depo, mahindi yasizidi unene wa vidole vitatu, ayageuze kila saa, na apimiwe tena jioni.