Honi mpya, waya wa zamani: Hatari tunayosafiri nayo

Harufu ya plastiki inayoungua ilitufikia kabla ya moshi. Tulikuwa ndani ya Noah, tukitoka Singida mjini kwenda Mtinko kuhudhuria walima wa ndugu yetu. Watu wazima watano na watoto wawili. Ilongero tulikwishaipita. Mbele yetu kundi la ng'ombe lilikuwa likivuka barabara, na dereva wetu, kijana mwenye adabu na mwendo wa taratibu, akaibonyeza honi yake mpya kwa muda mrefu kidogo.

Honi ililia kwa nguvu, kisha ikakwaruza. Dereva akaondoa kidole, lakini honi haikunyamaza. Ng'ombe walishapita, mchungaji wao mdogo ameziba masikio, na honi bado inalia. Ndipo moshi mwembamba ulipochomoza chini ya dashibodi, pale ilipofungwa swichi ndogo nyekundu ya kuchagulia honi.

Alhamdulillah, dereva hakupoteza akili. Alisimamisha gari pembeni, akazima injini, akatuamuru tushuke sote na kukaa mbali, kisha akafungua boneti na kuchomoa kichwa hasi cha betri kwa spana namba 10. Honi ikanyamaza. Tulipoichungulia ile swichi, plastiki yake ilikuwa imelegea kama nta.

Tumeona vema kuandika habari hii katika kurasa za familia, wala si za mafundi, kwa sababu waliokuwamo ndani ya gari lile ni familia. Wengi wetu tunamiliki gari la mkono wa pili, au tunasafiri kwa gari la jirani, na wengi tumewahi kumwambia fundi, "Nifungie honi yenye sauti." Ni wachache waliowahi kumuuliza: umeme wake utapita wapi?

Kosa lilikuwa njia

Asubuhi iliyofuata, baada ya shughuli, gari lilipelekwa kwa fundi wa umeme wa magari pale Mtinko. Tuliketi kwenye benchi lake tukamtazama akifanya kazi. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kufuatilia waya mmoja baada ya mwingine, bila kukata chochote. Alipomaliza akatuita.

"Wazee wangu, honi hizi hazina kosa," alisema. "Kosa ni njia."

Kisha akatuonesha. Aliyefunga honi zile, huko zilikonunuliwa, alichukua umeme kwenye waya wa redio. Fyuzi ya redio ilikuwa ikikatika kila honi ilipolia, naye badala ya kujiuliza kwa nini, akaiondoa na kuweka kipande cha waya mahali pake. Umeme wote wa honi ukawa unapita kwenye waya huo mwembamba, ukaingia katika kitufe cha pembeni, ukapita katika swichi ya kuchagulia, ndipo ukafika kwenye honi. Pembeni ya swichi hiyo paliandikwa kwa herufi ndogo: 6A. Maana yake ni kuwa imetengenezwa kubeba ampea 6, basi.

Hesabu yake si ngumu. Honi ya kawaida inayokuja na gari dogo hula ampea 3 hadi 5. Honi mbili zenye umbo la konokono, zikilia pamoja, hula kama ampea 8 hadi 10. Honi za upepo zinazosukumwa na kikompresa, kama zile za dereva wetu, huweza kula ampea 15 hadi 20. Swichi ya ampea 6 ilikuwa imebebeshwa mara tatu ya uwezo wake.

Tuseme zinapita ampea 18, na katika swichi au kiungo kilicholegea kuna ukinzani mdogo tu wa omu 0.1. Mahali hapo pekee panapotea volti 1.8, hivyo honi inalia kwa unyonge. Na joto linalozalika hapo ni 18 mara 18 mara 0.1, yaani zaidi ya wati 32. Kiasi hicho kinakaribia joto la chuma cha kulehemia anachokitumia fundi redio kuyeyushia risasi. Hebu fikiria chuma hicho kimewashwa na kuachwa nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya mama aliyempakata mtoto.

Joto hilo ndilo lililoyeyusha plastiki, na ndilo lililogandisha vipande vya shaba ndani ya kitufe vikashikana. Ndiyo maana kidole kilipoondoka, honi iliendelea kulia.

Rilei: mwenye kutumwa na mwenye kubeba

Dawa ya tatizo hili ni kifaa kidogo kama kiberiti kiitwacho rilei. Ndani yake mna koili ya waya na ulimi wa chuma. Koili ikipata umeme hugeuka sumaku, huuvuta ule ulimi, na njia kubwa ya umeme hufunguka kutoka betri hadi kwenye honi. Koili yenyewe inahitaji umeme mdogo mno, karibu ampea 0.15, chini ya sehemu moja ya mia ya umeme unaoliwa na honi za upepo.

Kwa hiyo kidole cha dereva kinatoa amri tu, na mzigo unabebwa na rilei. Kitufe cha usukani na swichi ya kuchagulia hupitisha ujumbe peke yake. Hili ndilo neno moja tunalotaka msomaji aondoke nalo: swichi ipitishe ujumbe, isibebe mzigo.

Chini ya rilei kuna miguu yenye namba, na namba hizo ni zilezile kwa watengenezaji wengi duniani. Mguu wa 30 hupokea umeme mkubwa kutoka betri. Mguu wa 87 huupeleka kwenye honi. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili. Rilei nyingine zina mguu wa tano, 87a, ambao hupitisha umeme wakati rilei imepumzika. Fundi akiukosea na kufunga honi hapo, honi italia pasipo kubonyezwa mara tu betri inapounganishwa.

Fundi wa Mtinko alitumia rilei mbili: moja kwa honi ya asili yenye sauti ya upole, nyingine kwa honi za upepo. Kutoka chanya ya betri alitoa nyaya nene za milimita za mraba 2.5 hadi mguu wa 30 wa kila rilei. Kila njia aliipa fyuzi yake, ya ampea 10 kwa honi ndogo na ya ampea 20 kwa honi kubwa, na fyuzi hizo aliziweka karibu kabisa na betri, umbali usiozidi shubiri moja. Sababu yake ni kwamba fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Ikiwekwa mbali, kipande chote kinachotangulia hakina mlinzi.

Ilibaki njia ya ujumbe. Katika magari mengi ya Japani, kitufe cha usukani kinapobonyezwa hugusisha waya wake na bodi ya gari, yaani upande wa hasi. Fundi alilithibitisha hilo kwa taa ya kupimia kabla ya kuunganisha chochote. Miguu ya 86 ya rilei zote mbili akaipa chanya kupitia fyuzi ndogo. Waya wa kitufe akaupeleka mguu wa kati wa swichi ya kuchagulia, na miguu miwili ya pembeni akaiunganisha na 85 ya kila rilei. Swichi ikielekea juu, kitufe huiamrisha honi ya upole. Ikielekea chini, huiamrisha honi kubwa.

Dereva alikuwa na swichi mpya yenye nafasi ya katikati isiyowasha kitu. Fundi aliikataa. "Siku mtoto anakatiza barabara na swichi iko katikati, utabonyeza na hutasikia kitu," alisema. Akafunga yenye nafasi mbili tu, ili gari lisiwe bila sauti hata dakika moja.

Mambo mengine aliyafanya kimyakimya, nasi tukayaandika. Alikwangua rangi kwenye bati mahali pa kufungia waya wa hasi, kwa kuwa rangi huzuia umeme. Alipitisha nyaya kwenye mpira pale zinapovuka bati linalotenganisha injini na abiria, zisije zikachunwa na ukali wa bati. Rilei alizifunga mbali na ekzosi, miguu ikiangalia chini ili maji yasituame. Na mwenye Fuso aliyekuwa akingoja zamu yake alimwambia akanunue rilei ya volti 24. Koili ya volti 12 ikipewa volti 24 hupitisha umeme mara mbili na kupata joto mara nne.

Sauti nayo ina haki zake

Tusiishie kwenye nyaya. Swali la pili ni kwa nini dereva anahitaji sauti mbili.

Barabara ya kutoka Singida kupitia Ilongero hadi Mtinko na kuendelea kuelekea Haydom ina mengi ndani yake: mikokoteni ya punda, mifugo, bodaboda zilizosheheni mizigo, malori ya alizeti na vitunguu, na vumbi la kiangazi linaloficha yote hayo. Honi inayosikika mbali huokoa maisha. Lakini barabara hiyohiyo hupita kwenye nyumba za watu, shule na misikiti, na Mtinko kuna hospitali ya St. Carolus ambamo wagonjwa wamelala. Hapo sauti ileile iliyookoa maisha porini hugeuka udhia.

Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa kuhusu honi inataka sauti ya honi iliyofungwa garini, ikipimwa umbali wa mita 7, isizidi desibeli 112. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Honi ya desibeli 112 itakuwa bado na desibeli 100 kwa mtu aliye mita 28 kutoka barabarani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani nao unaweka matumizi ya honi kuwa ni kutahadharisha ili kuepusha ajali, na nje ya makazi, kumjulisha dereva wa mbele kwamba anapitwa. Kumsalimia rafiki au kumharakisha abiria hakumo.

Sisi Waislamu tulikuwa na mafunzo haya kabla ya mikataba hiyo. Katika Sura iliyopewa jina lake, aya ya 19, Luqman anamuusia mwanawe mwendo wa wastani na kushusha sauti, na sauti ya punda inatajwa kuwa mfano wa sauti inayochukiza. Sisi tunaoishi na punda hatuhitaji tafsiri ndefu. Na Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa barabara ina haki zake, mojawapo ikiwa ni kujizuia kuwaudhi watu, na kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Anayefunga honi ya kutisha akaipiga usiku mbele ya nyumba ya mgonjwa ameuongeza udhia njiani badala ya kuuondoa.

Fundi naye ana sehemu yake. Wanazuoni wa fiqhi wamejadili kwa kirefu dhamana ya fundi kwa mali aliyokabidhiwa. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, akapokea ujira na kunyamaza, amekabidhiwa amana ya roho za watu na hakuichunga.

Familia ifanye nini?

Kwanza, kabla ya kazi, mwenye gari amuulize fundi maswali manne: umeme wa honi unatoka wapi, fyuzi iko wapi na ni ya ampea ngapi, rilei iko wapi, na je, swichi inabeba ujumbe au mzigo? Fundi mwenye ujuzi atafurahi kuulizwa.

Pili, baada ya kazi, honi ijaribiwe kwa sekunde chache, kisha swichi na nyaya ziguswe. Kikipatikana kitu cha moto, kazi haijakamilika na gari lisiondoke.

Tatu, fyuzi ikikatika mara kwa mara, isibadilishwe kwa kubwa zaidi wala kwa waya. Fyuzi inayokatika inatoa habari, inapaswa kusikilizwa.

Nne, wote wanaosafiri wajue la kufanya ikisikika harufu ya kuungua: kusimama, kuzima injini, kushuka na kwenda mbali na gari, watoto kwanza. Moshi ukitoka kwenye boneti, isifunuliwe yote kwa pupa, kwani hewa huuongezea moto nguvu. Kizimamoto cha unga kiwe mahali ambapo mkono unafika, kisifichwe chini ya mizigo.

Tuliondoka Mtinko baada ya Swala ya Alasiri. Dereva aliijaribu honi kubwa mara moja tu, tulipokwisha kuziacha nyumba. Ilikuwa na nguvu kuliko siku ile ya ng'ombe, kwa kuwa sasa volti zote zilikuwa zikiifikia. Swichi aliigusa kwa kidole, ikawa baridi. Kisha akairudisha juu, kwenye sauti ya upole, nasi tukaendelea na safari.

Tunamuomba Allah (s.w) awahifadhi wasafiri wetu, awajaalie mafundi wetu kuifanya kazi yao kwa ukamilifu, na atujaalie sisi kuzichunga haki za tunaopita mbele ya milango yao. Wabillahi tawfiq.