Ijara: Kazi ya Maji kwa Vijana

Nchi ya Ijara, kusini mwa Garissa, ni nchi ya wafugaji. Tangu zamani kijana hujifunza kazi kwa kufuata ng'ombe wa baba yake kutoka malisho hata malisho. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana majira matano mfululizo. Mifugo mingi ikafa, na vijana wengi wakabaki na fimbo mkononi bila mnyama wa kuchunga.

Je, kijana huyu afanye kazi gani? Mto Tana hupita upande wa magharibi, na kando yake wako watu wanaolima ndizi, maembe na mboga. Shamba la kikundi, lenye kivungulio, yaani nyumba ya mimea iliyofunikwa kwa nailoni, laweza kuwa darasa la kazi. Humo kijana hufundishwa kuotesha miche ya nyanya, kuihamisha baada ya majuma manne, kuifunga kwa kamba na kupunguza machipukizi. Maji hupitishwa katika mipira yenye matundu madogo, yakadondoka shinani tu. Hivyo maji machache hufanya kazi kubwa. Baada ya miezi mitatu hivi huanza kuchuma.

Hata hivyo, kivungulio kina masharti yake. Joto likipita digrii 35, maua ya nyanya hupukutika. Kwa hiyo katika nchi ya joto yafaa kuta ziwe za wavu, hewa ipite. Tena nyanya zikipandwa mfululizo katika udongo ule ule, ugonjwa wa mnyauko huingia, nao hauna dawa. Mkulima mwenye busara hubadili mazao.

Fundisho kubwa liko Bura, ng'ambo ya mto. Mradi wa kilimo wa huko, uliopokea wakulima tangu 1981, ulitegemea mashine za dizeli kuvuta maji. Mashine zilipozidi kuharibika mashamba yalikauka, na mwishowe mradi ukasimama, hata ulipofufuliwa miaka mingi baadaye.

Basi kijana asifundishwe kupanda tu. Yampasa pia kujua kutengeneza pampu, kuandika gharama na mapato, na kuweka akiba ya vipuri kabla ya kugawana faida, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Wala haimlazimu kuacha ufugaji: fedha za nyanya zaweza kumnunulia mtamba wa kuanzia zizi jipya.