Kwa Nini Mzee Yule Hujilaza Chini?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tuna jambo limetukaa rohoni, tukaona tulilete hapa badala ya kulinong'ona kwenye foleni ya maji.

Kuna mzee mmoja kambini kwetu. Hatutasema anakaa mtaa gani wala ametoka nchi gani. Zamani alikuwa askari, na silaha aliiacha miaka mingi iliyopita. Siku hizi anashona viatu. Ni mpole, anasalimia kila mtu. Lakini ukiangusha sufuria karibu naye, au lori la mgao likifungua bodi la nyuma kwa kishindo, mara moja amelala kifudifudi, mikono kichwani. Halafu anainuka, anajipangusa vumbi, wala hamtazami mtu.

Watoto wetu wameufanya mchezo. Wanatafuta beseni bovu, wananyemelea nyuma yake, wanaligonga kwa fimbo, paa! Tuseme ukweli: siku ya kwanza kuona hivyo hata sisi walimu tulicheka. Eti mtu mzima aliyebeba bunduki anaogopa beseni.

Kisha mtoto mmoja wa darasa la tatu akatuuliza, tena mbele ya wenzake: "Mwalimu, yule mzee ana nini?" Hatukuwa na jibu. Tukamwambia akae chini. Jioni ile tulianza kusoma.

Sekondari tulifundishwa mashairi ya vita ya Waingereza. Tulikariri majina ya watunzi kwa ajili ya mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba baadhi ya watunzi hao walikuwa na ugonjwa ule ule wa mzee wetu.

Mgonjwa aliyekuwa mhariri

Mmoja aliitwa Wilfred Owen. Kabla ya vita alikuwa akifundisha Kiingereza mjini Bordeaux, Ufaransa. Mwaka 1915 aliingia jeshini, na Januari 1917 akapelekwa mstari wa mbele katika Vita Kuu ya Kwanza. Huko watu waliishi kwenye mahandaki ya matope, wakipigwa makombora mchana na usiku. Aprili mwaka ule kombora lilipasuka karibu naye likamrusha hewani. Hakukatika mkono wala mguu. Lakini alikaa siku kadhaa shimoni karibu na mabaki ya afisa mwenzake, na alipotoka alikuwa anatetemeka na kuchanganyikiwa. Akifumba macho usiku, ndoto zinamrudisha kule kule.

Waingereza waliuita mshtuko wa makombora. Mwanzoni madaktari walidhani ni kishindo kinachotikisa ubongo. Baadaye wakaona hata askari ambao hawakukaribiwa na kombora lolote wanaugua: wengine wamekuwa bubu, wengine hawaoni ilhali macho ni mazima, wengine miguu imekataa kutembea. Yaani mwili ulikuwa umejifunza kujilinda, sasa hauwezi kuacha.

Si wote waliohurumiwa. Jeshi la Uingereza lilipiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama kutoroka na woga, na bila shaka wamo waliokuwa wagonjwa. Walisamehewa rasmi mwaka 2006. Tunajiuliza msamaha ule ulimfikia nani. Hospitali nazo zilibagua: maafisa kama Owen walipelekwa Craiglockhart, jumba kubwa mjini Edinburgh, lakini miongoni mwa askari wa vyeo vya chini wapo waliopitishiwa umeme mwilini kule London mpaka waseme.

Sasa sikilizeni hili. Hospitali ile ya Craiglockhart ilikuwa na gazeti lake dogo, The Hydra, lililoandikwa na wagonjwa wenyewe, na Owen alikuwa mhariri wake kwa muda. Gazeti dogo la watu waliokwama mahali, kama hili unaloshika! Daktari wake, Arthur Brock, aliamini mgonjwa apewe kazi, asiachwe na ndoto zake tu. Ndiyo maana Owen alikwenda pia kufundisha watoto katika shule ya Tynecastle, mjini humo. Alikuwa na miaka 24. Baadhi yetu tunaoandika hapa tuna umri huo huo.

Agosti 1917 alikutana pale na Siegfried Sassoon, afisa mwenye nishani ya ushujaa, aliyetangaza hadharani kwamba vita vinarefushwa na wenye uwezo wa kuvimaliza. Jeshi liliona heri kumwita mgonjwa kuliko kumpeleka mahakamani. Sassoon alimtia moyo Owen aandike aliyoyaona. Wakati huo mashairi mengi ya magazetini yalisifu kufa kwa ajili ya nchi. Owen akaandika juu ya mtu anayekata roho kwa gesi ya sumu, na juu ya kijana asiye na miguu aliyekaa kwenye kiti jioni, anangoja waje wamlaze.

Alipata nafuu, akarudishwa vitani, akauawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji karibu na kijiji cha Ors, Ufaransa. Alikuwa na miaka 25. Wiki moja baadaye vita vikaisha. Inasimuliwa kwamba telegramu ya kifo ilimfikia mama yake wakati kengele za amani zinalia. Mashairi yake mengi yalichapwa yeye akiwa kaburini.

Na wa kwetu je?

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Lakini vita vile vile vilipiganwa huku. Askari wa Force Publique kutoka Kongo waliingia Tabora Septemba 1916. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Nyimbo walikuwa nazo, ila vitabu vya mashairi vilivyotufikia darasani ni vya maafisa wa Kizungu.

Waafrika hao walipewa sanamu. Ile ya Askari, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927: askari wa shaba na bunduki yenye singe, anasonga mbele. Maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza. Kijana wake mwenyewe, John, alikuwa na macho mabovu, na baba ndiye aliyemsaidia kupata nafasi jeshini. Aliuawa mwaka 1915 akiwa na miaka 18, na baba alikufa bila kuonyeshwa kaburi la mwanawe. Sanamu ile hatuisemi vibaya, ni nzuri. Ila ukiitazama huwezi kujua kwamba askari hutetemeka.

Mama mmoja wa Berlin, Käthe Kollwitz, alifanya vingine. Mwaka 1914 mwanawe Peter, miaka 18, alitaka kwenda vitani. Baba alikataa, mama akamwombea ruhusa. Oktoba mwaka ule ule kijana akauawa Ubelgiji. Mama alikuwa mchongaji. Alianza kumchongea ukumbusho, akaacha, akaanza upya, mpaka ukawekwa makaburini mwaka 1932. Siku hizi upo Vladslo, Ubelgiji. Askari hayumo. Wamo baba na mama, wamepiga magoti, kila mmoja peke yake, baba amejikumbatia, mama ameinama. Miaka 18 ya kazi, sawa na umri wa mtoto. Tuliposoma hapo tulifunga kitabu kwanza.

Ugonjwa wenyewe uliingizwa rasmi kwenye orodha ya madaktari wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliotoka Vietnam kurudi nao. Na haukuti askari peke yao. Humu kambini wapo akina mama na watoto wanaoruka usingizini, nanyi mnawajua.

Basi tulirudi darasani tukamjibu yule mtoto. Tukawapa karatasi wachore vita. Wengi walichora askari wakubwa wenye bunduki, na kalamu nyekundu ndizo zilizokwisha kwanza. Mmoja alichora mtu amelala chini, pembeni kuna nyundo na kiatu. Mchezo wa beseni umepungua, hatusemi umekwisha.

Kabla ya kuandika haya tulikwenda kwa mzee kuomba ruhusa na kumwomba radhi kwa kile kicheko. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Andikeni, walimu wangu, ila jina langu liacheni. Na muwaambie watu, mtu akija kwa nyuma yangu aite kwanza kwa mdomo. Na mama wa nyumbani kwangu, akitaka kuniamsha, asinitikise. Asimame mlangoni aniite jina, nitaamka."