Mtoto wa mkulima asikose nafasi katika teknolojia

Wakulima wadogo wanayajua machungu ya mabroka. Broka hufika shambani na lori, hutaja bei yake, na mkulima asiyejua bei ya Nairobi hukubali akichelea mazao yasimwozee.

Mnamo 2010, Wakenya watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walilivalia njuga tatizo hilo. Walibuni M-Farm, huduma iliyomwezesha mkulima kutuma arafa na kujibiwa bei ya zao lake sokoni. Huduma hiyo pia iliwaunganisha wakulima ili wauze mazao na kununua pembejeo kwa pamoja. Mwaka huo huo walishinda shindano la IPO48 jijini Nairobi na kutuzwa yuro 10,000 za kuanzishia kampuni.

Siri yao ilikuwa kumjua mteja. Walifahamu kwamba mkulima wa kawaida ana simu ndogo isiyo na intaneti, wakaitumia hiyo hiyo.

Hapo ndipo penye faida ya kuwaingiza vijana wa kila aina katika sayansi. Msichana aliyechota maji mbali, au kijana aliyechunga mbuzi wakati wa ukame, anajua matatizo ambayo mhandisi wa mjini huenda asiyaone. Akipata ujuzi, matatizo hayo yanaweza kuwa biashara yake.

Lakini ujuzi hauji wenyewe. Ndiyo sababu Judith Owigar na wenzake walianzisha AkiraChix mwaka 2010, shirika ambalo huwafunza wasichana wa familia zisizojiweza kuunda programu za kompyuta.

Mzazi naye ana jukumu. Chini ya mtaala wa umilisi, mwanafunzi huchagua mkondo wake akiwa Gredi ya 9. Anayeacha mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati atapata ugumu kuurudia baadaye. Kwa hivyo, kabla ya uchaguzi huo, uliza iwapo shule anayoitaka ina maabara na walimu wa fizikia. Mpe binti muda wa kusoma jioni sawa na kaka yake. Na akipata alama duni za hisabati, usimwambie eti somo hilo ni la wavulana. Mtafutie msaada mapema.

Karo ya mtoto ni mbegu. Mkulima mwerevu hapandi nusu ya shamba na kuiacha nusu nyingine ikimea magugu.